UZI: Mitandao inasaidia raia au inasaidia dola? Najibu kutoka Habaswein

1/ Huu mjadala hurudi kila msimu wa siasa, na 2027 ikikaribia utarudi tena. Upande mmoja unasema simu ndiyo silaha ya mnyonge: bila X na TikTok, vijana wa Juni 2024 wasingesikika. Upande wa pili unasema simu hiyo hiyo ndiyo inayompeleka kijana mikononi mwa watu waliofunika nyuso, ndani ya gari lisilo na nambari. Pande zote mbili zina ushahidi, ndiyo maana hatuachi kubishana. Mimi ni mtu wa Habaswein, Wajir Kusini, na naamini historia ya huku kwetu inaweza kutusogeza mbele. Sitataja mwanasiasa wala chama. Uzi ni mrefu, chukua chai.

2/ Kwa wasioijua: Habaswein iko kwenye barabara ya kutoka Garissa kwenda Wajir, kama kilomita mia moja hivi kabla ya kufika Wajir mjini. Jina ni la Kisomali, maana yake vumbi jingi, na ukishuka kwenye basi hutahitaji maelezo zaidi. Huku dola ilianza kubana mawasiliano ya watu miaka mingi kabla simu ya mkononi haijatengenezwa. Kwa hivyo mtu wa Habaswein akiulizwa swali la mitandao na udikteta, haanzi na Facebook. Anaanza na babu yake.

3/ Mwaka 1902 wakoloni walitunga sheria ya wilaya za pembeni. Kufikia 1926 eneo lote lililoitwa Northern Frontier District, kwa kifupi NFD, lilikuwa limefungwa. Mwaka 1934 ikaongezwa sheria ya wilaya maalum. Kwa lugha ya nyumbani: hakuna kuingia wala kutoka bila pasi. Mchuuzi, mwalimu, mwandishi wa habari, wote hao walihitaji kibali. Matokeo yake mtu wa Nyeri au Kisumu angeweza kuishi mpaka azeeke asijue kinachotendeka Wajir, na mtu wa Wajir naye akiingia Isiolo alisema anaenda Kenya. Bado utawasikia wazee wakisema hivyo. Si utani, ni historia.

4/ Uhuru haukufungua lango. Desemba 1963, wiki chache tu baada ya bendera kupandishwa, hali ya hatari ilitangazwa huku kwa sababu ya vita vya Shifta. Vita viliisha 1967 baada ya mazungumzo ya Arusha, lakini kanuni maalum za 1966 ziliendelea kutumika: kukamatwa bila hati, kuzuiwa kusafiri, kijiji kizima kuadhibiwa. Zilidumu hadi 1991. Hebu piga hesabu. Mtoto aliyezaliwa Habaswein siku ya uhuru alifikisha miaka 27 kabla ya kuishi siku moja chini ya sheria sawa na ya mwenzake wa Nakuru.

5/ Hata wakati huo kulikuwa na "mitandao". Radio Mogadishu ilitangaza kuwalenga watu wa NFD, na Sauti ya Kenya nayo ikawa na matangazo yake ya Kisomali kujibu mapigo. Mfugaji alikaa katikati na redio yake ya betri, serikali mbili zikimwambia yeye ni nani. Zote zilimsemesha, lakini hakuna iliyomsikiliza. Ile redio haikuwa na kitufe cha kujibu. Hili kumbukeni, maana wanaosifia mitandao huwa hasa wanasifia hicho kitufe.

6/ Sasa tufike Wagalla. Tarehe 10 Februari 1984, wanajeshi na polisi walianza kuwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia kutoka Wajir na vitongoji vyake na kuwapeleka kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, nje kidogo ya mji. Walivuliwa nguo, wakawekwa juani siku kadhaa bila maji wala chakula, na wengi wakapigwa risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Mwaka 2000 ikakiri kuwa ni 380. Manusura wanazungumzia maelfu. Miaka minne kabla yake, Novemba 1980, mtaa wa Bulla Kartasi mjini Garissa ulichomwa na watu wakauawa. Hakuna afisa hata mmoja aliyewahi kushtakiwa kwa ajili ya Wagalla.

7/ Je, habari ilitokaje? Taratibu mno, na kwa watu kujitoa mhanga. Mtaliano Annalena Tonelli, aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu Wajir, alitoka na wenzake kuwaokoa majeruhi na kuokota maiti, na ushahidi ukawafikia wanadiplomasia wa nje. Mwaka 1985 akalazimika kuondoka Kenya. Mbunge mmoja kutoka Wajir alilisema jambo hilo Bungeni, akieleza kuwa waliouawa ni mamia, si makumi. Lakini kwa Mkenya wa kawaida kule chini, 1984 ulikuwa mwaka wa ukame tu. Kitabu cha S. Abdi Sheikh kuhusu mauaji hayo kilitoka 2007. Ni miaka 23 baadaye.

8/ Hapa ndipo watu wa "mitandao imetukomboa" hupata nguvu, na wana haki. Jiulize: Wagalla ingewezekana kama kila mwanaume pale uwanjani angekuwa na simu yenye kamera? Labda risasi zingepigwa bado. Lakini ile 57 isingesimama kwa miaka 16. Dola ya mabavu inategemea ukimya, na ukimya wa zamani ulikuwa rahisi: funga barabara, dhibiti redio, mwondoe mgeni anayesema sana. Simu imeuvunja ukimya wa namna hiyo. Hilo nalikubali bila ubishi.

9/ Ila ukimya ulikuwa nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa orodha. Novemba 1989 serikali ilitangaza kwamba Wakenya wote wenye asili ya Kisomali, wa miaka 18 na zaidi, wajitokeze kuchujwa. Ulikaa mbele ya jopo ukaulizwa ukoo, babu, na ulikozaliwa. Ukipita ulipewa kadi ya pinki ya kubeba pamoja na kitambulisho cha kawaida. Ukikosa kupita, ungeweza kufukuzwa nchini. Mkenya mwingine alikuwa na kipande kimoja. Sisi tulikuwa na viwili, na cha pili kilikuwepo kwa sababu cha kwanza hakikuaminiwa.

10/ Kwa hivyo nikisoma watu wakibishana kuhusu mitandao, mimi najiuliza mambo mawili. Je, imevunja ukimya? Na je, imefanya nini na orodha? Maana dola haihitaji unyamaze ikiwa inajua jina lako, uko wapi, unaongea na nani, na nani amekupenda lile chapisho. Mjadala wetu unakwama kwa sababu upande mmoja unaangalia ukimya peke yake, na upande wa pili unaangalia orodha peke yake. Twende na yote mawili.

11/ Mwaka 2011 unatufundisha vizuri. Januari mwaka huo vijana wa Misri walijaza barabara, dunia ikaita mapinduzi ya Facebook. Usiku wa kuamkia 28 Januari serikali yao ikazima intaneti. Watu hawakurudi nyumbani. Wengi waliokuwa wakifuatilia kwenye skrini walitoka nje kujionea. Rais akang'oka 11 Februari. Wengi wetu tulijifunza kwamba mtandao unaangusha serikali. Lakini miaka miwili baadaye jeshi lilirudi madarakani, na zile picha na majina yaliyokuwa wazi Facebook yalibaki pale pale, kwa yeyote mwenye muda wa kuyasoma.

12/ Mwaka huo huo wa 2011, mwezi Aprili, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilifungua vikao vyake vya hadhara. Ilianzia wapi? Garissa, kisha ikaja Wajir. Wazee na wajane walikula kiapo, wakashika maikrofoni, wakasema yaliyowakuta mbele ya watu walioandika kila neno. Hakukuwa na hashtegi yoyote. Ripoti ilikabidhiwa Mei 2013, na ndani yake Wagalla ina kurasa zake. Utekelezaji wake umelala mpaka leo, najua. Lakini serikali yoyote ikitaka kurudi kwenye 57, kuna hati rasmi ya kuipinga. Ushuhuda uliotolewa chini ya kiapo haupotei kama stori ya WhatsApp.

13/ Simu zilipoingia huku kwa wingi, kitu cha kwanza kubadilika kilikuwa jioni. Zamani wanaume walikusanyika kwenye redio moja kusikiliza BBC ya Kisomali, iliyoanza 1957. Sasa kila mtu ana grupu la ukoo, la wilaya, la maji, la mifugo. Na kwa vile wengi wa wazee wetu hawaandiki, wanatuma ujumbe wa sauti. Mama asiyejua kusoma anamkosoa diwani kwa dakika nne, na ujumbe unafika Nairobi, Minneapolis na Dubai kabla ya Isha. Hii ni demokrasia, msiidharau. Kile kitufe cha kujibu ambacho redio haikuwa nacho, mama amekipata.

14/ Halafu ikaja Aprili 2014. Baada ya mashambulizi ya kigaidi, polisi waliingia Eastleigh kwenye operesheni iliyoitwa Usalama Watch. Watu karibu 4,000 walikamatwa, wengi wao Wasomali, na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuchujwa. Ilikuwa miaka 30 na miezi miwili baada ya Wagalla: tena uwanja, tena kuchujwa. Sidai ni sawa, Kasarani hapakuwa na mauaji yale. Lakini safari hii kulikuwa na simu. Picha zilitoka, hashtegi ikapanda, na watu wa mbali wakaona wanawake na watoto ndani ya malori. Ukimya haukuwepo kabisa.

15/ Na operesheni iliendelea. Kilichotuuma huku si kwamba Wakenya hawakuona. Waliona. Wengi chini ya picha zile waliandika "wapelekwe kwao", "afadhali", "polisi wafanye kazi". Hapa ndipo nadharia ya "watu wakijua watakataa" inapovunjika. Mtandao unaonyesha, lakini haumpi mtazamaji huruma ambayo hakuwa nayo. Kama tayari umeamini kwamba jirani yako si raia kamili, video ya jirani akisukumwa ndani ya lori inakuthibitishia tu kwamba serikali iko kazini. Dola haikuhitaji kuficha, kwa sababu ilikuwa na wapiga makofi.

16/ Mwaka uliofuata tuliona upande mwingine. Tarehe 2 Aprili 2015, al-Shabaab waliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi mno wakiwa wanafunzi. Siku za kwanza tulipewa idadi tu. Wakenya mtandaoni wakaanza wenyewe kukusanya majina na picha, chini ya hashtegi #147NotJustANumber, kwa hesabu ya wakati ule. Hiyo nayo ni orodha. Ila ni orodha ya raia: inataja jina la aliyekufa ili asifichwe ndani ya namba. Hivyo orodha yenyewe si mbaya. Swali ni nani anaishika, na anaishika kwa ajili ya nani.

17/ Septemba mwaka huo huo wa 2015, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu (KNCHR) ilitoa ripoti kuhusu vita dhidi ya ugaidi katika kaunti za Kaskazini Mashariki, Pwani na Nairobi. Ilirekodi visa 25 vya mauaji nje ya sheria na visa 81 vya watu kupotezwa. Themanini na moja. Naomba ushike hiyo namba. Hapakuwa na maandamano ya nchi nzima. Intaneti ilikuwepo, X ilikuwepo ikiitwa Twitter, ripoti iliwekwa mtandaoni bure. Ilivuma siku chache, ikapita.

18/ Desemba 2024, baada ya miezi ya vuguvugu la Mswada wa Fedha ambapo zaidi ya watu 60 waliuawa, tume hiyo hiyo ilisema waliotekwa tangu Juni wamefika 82. Themanini na mbili. Safari hii nchi ilisimama. Picha za waliotekwa zilijaa kila mahali, majina yao yakatajwa makanisani, misikitini na mahakamani. Wenzetu wa Bara wakaanza kuuliza kwa mshangao, "Hii nchi ilianza lini kupoteza watu?" Huku kwetu tulisoma swali hilo tukatazamana.

19/ Sisemi haya kuwalaumu vijana wa 2024. Walifanya jambo ambalo wazee wetu walitamani: walikataa kumwacha mtu apotee bila jina lake kutajwa. Nasema hivi ili tuone kitu. Namba ni karibu sawa, tume ni ile ile, teknolojia ni karibu ile ile. Tofauti ilikuwa kwamba waliotekwa 2024 walihesabiwa na nchi nzima kuwa watoto wao. Wale wa 2015 walihesabiwa washukiwa. Kabla ya kuuliza mtandao unafanya nini, uliza uraia wa nani unaaminika. Mtandao unafuata hapo.

20/ Sasa swichi. Uganda ilizima intaneti Januari 2021 siku ya kuamkia uchaguzi, kwa siku kadhaa, na Facebook ikafungwa moja kwa moja. Tanzania ilizima 29 Oktoba 2025, siku ya kura, karibu siku tano. Ilipowashwa, watu walipokea onyo kwenye simu wasisambaze picha za kuleta taharuki. Kwetu Kenya, 25 Juni 2024, siku Bunge lilipovamiwa, intaneti ilidorora vibaya, siku moja tu baada ya mamlaka ya mawasiliano kusema haina mpango wa kuizima. Kampuni zililaumu nyaya za baharini. Unaona mtindo: swichi ipo, lakini ina gharama. Ikizimwa, biashara inaumia na dunia nzima inajua.

21/ Na huku swichi haikushikwa na serikali peke yake. Kwa miaka, al-Shabaab wamelipua milingoti ya simu Wajir, Mandera na Garissa. Boosta ikianguka, kijiji kinarudi 1984 usiku mmoja: hakuna M-Pesa, hakuna kumwita daktari, hakuna wa kupiga ripoti ukivamiwa. Ni watu hao hao walioandika Twitter moja kwa moja wakati wa shambulio la Westgate, Septemba 2013. Wanapotaka kusikika wanautumia mtandao, na wanapotaka kijiji kisisikike wanaukata. Mwenye bunduki, wa upande wowote, huujua umuhimu wa mawasiliano kuliko mchambuzi wa studio.

22/ Orodha haina kelele kama swichi, ndiyo maana inapendwa. Tangu 2010 laini ya simu Kenya husajiliwa, na 2022 tulirudishwa foleni kusajili upya. Kusajili unahitaji kitambulisho. Na kitambulisho huku, kwa miongo, ulikipata baada ya kupigwa msasa na kamati: wazee, maafisa wa usalama, maswali ya ukoo. Kijana wa Kitui alienda na cheti cha kuzaliwa. Kijana wa Habaswein alisubiri kikao. Bila kitambulisho hakuna kura, na hakuna laini kwa jina lako. Unatumia ya shangazi. Ukisema mtandaoni, unasema kwa jina la mtu mwingine, na ukikosea anatafutwa yeye.

23/ Februari 2025, hapo Wajir mjini, ilitangazwa kwamba msasa ule wa ziada umeondolewa. Ni hatua kubwa, na atakayeipuuza hajawahi kusubiri kile kikao. Lakini bado wapo maelfu Garissa na Wajir ambao alama zao za vidole ziliingia kwenye rejista ya wakimbizi Dadaab, wakati wa ukame na njaa, wakatafuta chakula. Mashine inasema ni wakimbizi, mama anasema ni Mkenya, na mashine ndiyo iliyosikizwa. Wakapambana kortini miaka. Data ikishaingia, kuitoa ni kazi ya mawakili.

24/ Ndiyo maana sisi hatushangai tunaposikia kwamba simu inaweza kumfuatilia mtu. Oktoba 2024 gazeti moja kubwa la Nairobi lilichapisha uchunguzi kuhusu jinsi polisi wanavyofikia data za wateja wa simu. Kampuni husika ilikanusha. Mimi siamui kesi hiyo hapa. Nasema tu kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ipo tangu 2019, na mjadala wa nani anafungua lile daftari, kwa hati ya korti gani, ni mjadala mkubwa kuliko wa nani ana wafuasi wengi TikTok. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Siku hizi kiko mfukoni na kina chaji.

25/ Kuna mbinu ya tatu, ya makelele. Mwaka 2021 watafiti wa Mozilla walionyesha kuwa Kenya kuna vijana wanaolipwa kati ya dola 10 na 15 kushiriki kampeni tatu kwa siku, kusukuma hashtegi, kuwachafua majaji na wanaharakati. Ukimya wa zamani ulihitaji kizuizi barabarani. Huu mpya unahitaji akaunti mia mbili zenye kusema neno moja asubuhi moja. Huku kwetu ni rahisi zaidi: sambaza sauti isiyo na mwenyewe kwamba ukoo fulani umevamia kisima, na ifikapo Adhuhuri hakuna anayekumbuka kuuliza pesa za kisima zilienda wapi.

26/ Basi mtandao haufai? Hapana. Juni 2025 mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya chapisho kumhusu afisa mkuu wa polisi, akaletwa Nairobi, akafia mikononi mwa polisi. Maelezo ya kwanza yalikuwa kwamba alijigonga kichwa mwenyewe ukutani. Upasuaji wa maiti ukakataa. Ndani ya mwezi huo huo polisi kadhaa walifikishwa kortini kwa mashtaka ya mauaji. Chapisho lilimweka hatarini, hilo ni kweli. Lakini kelele za mtandaoni zilibana uongo ule ukakosa pumzi, kwa siku chache tu. Wagalla ilichukua miaka 16 kutoka 57.

27/ Linganisha Ojwang na ile ripoti ya 2015 na utaona kinachofanya kazi. Kelele zilipata pa kufikia: daktari aliyesema ukweli, mamlaka ya kusimamia polisi (IPOA), korti iliyo wazi, na umma ulioamini kwamba marehemu ni wao. Toa kimoja kati ya hivyo, kelele zinabaki kuwa kelele. Misri 2011 walikuwa na umati mkubwa kuliko wetu, lakini taasisi zilikuwa bado mikononi mwa jeshi. Mtandao unakimbiza habari. Haumlazimishi mtu yeyote kujibu.

28/ Kwa hivyo jibu langu kwa mjadala ni hili. Mitandao imeivunja kazi ya kwanza ya dola ya mabavu, ya kunyamazisha, na imeirahisishia kazi ya pili, ya kuorodhesha. Nani anafaidi inategemea kama kuna sheria na korti zinazoweza kumwambia mwenye daftari "hapana", na kama wananchi wako tayari kumtetea mtu ambaye si wa kwao. Hayo mawili hayapakuliwi kwenye simu. Yanapatikana kwa siasa ile ya kawaida ya kuchosha: kesi, kamati, kura, bajeti, na kumkera mbunge wako mpaka ajibu.

29/ Nimeyaandika sasa kwa sababu barabara ya Isiolo kwenda Mandera inajengwa, inapita kwetu, na mpango wake ni pamoja na waya wa intaneti ya kasi kuzikwa kando ya lami. Baada ya karne ya pasi na vizuizi, hiyo ni neema. Wagombea watakuja kujipigia debe nayo. Wakija, wapigieni makofi, kisha waulizeni: nani ataruhusiwa kuuzima waya huu, na kwa amri ya nani? Polisi wakitaka data ya laini yangu, hakimu yupi anasaini? Na ripoti ya 2013, utaisukuma au utaiacha ilale? Asiye na jibu la hayo ameleta waya tu.

30/ La mwisho, kwa vijana wa Kaskazini Mashariki wanaosoma hapa. Waliokuwa watu wazima 1984 sasa ni wazee, na wanaondoka kila mwaka. Kaa nao, warekodi kwa ruhusa yao, andika jina, mahali na tarehe, na uweke nakala mahali salama mbali na simu yako. Usiimwage yote mtandaoni, maana kuna majina ya walio hai. Serikali zote zilizopita huku zilikuwa na orodha zetu. Na sisi tuwe na yetu.

Kama una swali au una jambo la kuongeza kuhusu eneo lako, liweke hapo chini. Matusi ya ukoo nitafuta.